Nyundo Baridi ya Fundi Elinami

Fundi Elinami ana ubishi wa aina moja tu, lakini huo mmoja unamtosha. Mguse kwenye siasa, atacheka. Mguse kwenye mpira, atakuachia ushinde. Ila mwambie kwamba shaba ya tarumbeta ingepitishwa motoni kidogo kabla ya kunyooshwa, hapo ndipo utamjua. Ataweka nyundo chini, atafuta mikono kwenye koti lake la kazi, na utasimuliwa habari za marehemu Mzee Nathanaeli wa Daraja Mbili mpaka chai yako ipoe.

Karakana yake iko Ngarenaro, imebanwa katikati ya mshona magodoro na mafundi wa mageti. Nje hakuna kibao. Kibao cha nini, wakati matarumbeta yananing'inia darini tangu mlangoni hadi ukuta wa nyuma, makubwa kwa madogo, kila moja na karatasi yenye jina la usharika wake? Huko juu mlimani, kwa Wameru, usharika wa Kilutheri usio na bendi ya matarumbeta hujiona haujakamilika. Harusi inapulizwa, mazishi yanapulizwa, Pasaka na kipaimara vivyo hivyo. Na chombo kinachotumika kiasi hicho hakikosi kuumia. Kinaanguka kutoka kwenye pikapu, kinafungwa kamba nyuma ya pikipiki, kinakaliwa na shangazi wa bwana harusi ambaye naye hakubali kwamba amekikalia. Mwisho wa yote huletwa kwa Elinami.

Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe hajui kupuliza. Alijaribu ujanani, akatoa mlio ambao mkewe Susana mpaka leo anauiga mbele ya wageni. Shaba yeye anaisikiliza kwa ukucha. Anaugonga mdomo wa tarumbeta, ule upande mpana sauti inakotokea, anatega sikio, na anakuambia palipobonyea huku amefumba macho. Miaka thelathini na mmoja ya kazi hiyo imempindisha mabega, lakini masikio yake ni makali kuliko ya mwalimu yeyote wa kwaya, na hilo analisema mwenyewe bila kuulizwa.

Mzee Nathanaeli, aliyemfundisha kazi, alimwachia sheria moja: moto unaua sauti. Kwa hiyo Elinami hunyoosha shaba ikiwa baridi, kwa nyundo ya mti, chuma cha mviringo upande wa ndani, na subira nyingi. Mafundi wengine wa mjini huichoma kwanza ili ilainike. Hao hawaiti mafundi, anawaita wapishi. Wateja wakampa jina la Nyundo Baridi, naye hujifanya halipendi.

Katika wateja wote hakuna aliyempenda kama Mzee Gerson. Huyu ni mkulima wa kahawa na migomba huko juu ya Tengeru, mwenye miaka sabini na saba, mpuliza besi wa usharika wake tangu ujana. Besi ndiyo kubwa kuliko zote katika bendi, ile inayokumbatiwa kama mtoto mnene na kutoa sauti ya chini kabisa. Na Mzee Gerson alikuwa na desturi yake. Mchungaji akisema "tuombe", wanabendi wengine huweka matarumbeta kwapani na kufumba macho. Yeye hapana. Yeye hupiga goti, na besi huiinamisha mdomo chini juu ya ngazi ya mawe, kwa sababu, anasema, chombo kilichomsifu Mungu nacho hakina budi kuinama. Sasa besi ni nzito, na magoti ya mzee hayashuki taratibu. Mdomo unagonga jiwe, daima upande uleule, na kila mwaka palepale panabonyea.

Kwa hiyo kila mwezi wa saba, kabla ya Sikukuu ya Mavuno, mzee aliteremka mjini na besi yake imefungwa kwenye shuka.

"Shikamoo mzee. Umeniletea sala zako tena?"

"Marahaba, fundi. Nimekuletea. Mwaka huu nimesali sana."

Kisha alikuwa akikaa kwenye kigoda, akitoa ndizi mbivu kwenye mfuko, na kusubiri hadi kazi iishe, maana besi yake, alisema, haijazoea kulala ugenini. Walitaniana siku nzima, na kila mwaka fundi alimwonya kuhusu lile jiwe. Elinami hakupokea kazi nyingine siku hiyo, na Susana alijua kwamba jioni mume wake atarudi anachekacheka peke yake. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Mwaka huu mzee alikuja akipumua kwa shida. Alikaa kwanza, ndipo akasalimia. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua na kumwambia apumzike kupuliza.

"Nimemwomba aniachie Mavuno haya," alisema. "Nipulize Mavuno, halafu basi. Ila iwe besi hii, fundi. Usharika unayo nyingine mpya, mimi siitaki."

"Utaipuliza hii, mzee. Kwani mimi nipo hapa kufanya nini?"

Akaanza kazi. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameona kwamba pale mahali pamekuwa pakaidi. Zamani shaba ilitii hata dole gumba; siku hizi ilirudisha nyundo. Yeye alifurahi. Alidhani shaba imekomaa, imejifunza umbo lake. Safari hii ikamgomea kabisa, naye akaongeza nguvu kidogo, kidogo tu, akasikia mlio mwembamba ambao hajausikia hata mara moja katika maisha yake ya kazi. Aliinua nyundo. Ufa wenye urefu wa kidole ulikuwa umekimbia kutoka ukingoni kuelekea ndani.

Mzee Gerson aliinuka, akaja akaugusa ule ufa kwa kidole.

"Ni sala zangu," alisema polepole. "Ulinionya kila mwaka. Ni sala zangu zimeipasua."

Hapo ndipo Elinami alipokosea, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukubali. Alinyamaza. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alihisi kwamba jambo haliko hivyo, lakini jina la miaka thelathini na mmoja lilikuwa mezani pamoja na besi, na kunyamaza kulikuwa rahisi. Mzee akaacha besi pale, kwa mara ya kwanza, akaenda zake.

Siku chache baadaye alipiga simu Meshack, kiongozi wa bendi. Mzee Gerson, alieleza, alisimama mbele ya baraza la wazee wa kanisa, akakiri kwamba ameharibu mali ya usharika kwa ukaidi wake, akaomba radhi, na akarudisha koti la bendi likiwa limepigwa pasi. Mavuno hatapuliza. Hata akitafutiwa besi nyingine hatapuliza.

"Fundi, hata huwezi kuiziba?" Meshack aliuliza.

"Nitaona," alisema Elinami, na siku ile hakula.

Binti yake Anneth anafundisha mambo ya metali katika chuo kimoja nje kidogo ya mji. Baba mtu hujivunia kazi hiyo kwa watu, ila nyumbani huidharau kidogo, maana anaona binti anafundisha chuma bila kukishika. Safari hii alimwita mwenyewe. Anneth alikuja, akautazama ufa, akakata kipande chembamba pembeni mwake na kingine upande wa pili wa mdomo, ambako jiwe halijawahi kufika. Juma lililofuata akarudi na picha kwenye simu. Alikuwa amevisugua vipande vile hadi vikang'aa kama kioo, akaviosha kwa asidi, na kuviweka chini ya darubini ya chuo.

Picha ya kwanza, ya upande ambao jiwe halijafika, ilionyesha vipande vipande vilivyobanana, safi, kila kimoja na rangi yake. Ya pili, ya pembeni mwa ufa, ilionyesha vipande vilevile, lakini vimechanjwa mistari myeusi, minene, iliyokatana huku na huku.

"Hii ndiyo shaba yako, baba. Ni chembe zilizoshikana, kama sukari iliyoganda. Ndani ya kila chembe atomu zimejipanga safu kwa safu, kama mahindi ya bibi kule Nduruma."

"Bibi yako alipanda kwa kamba. Hakuna safu iliyopinda."

"Sawa, alipanda kwa kamba. Lakini unakumbuka pale shamba linapopanuka? Kulikuwa na safu iliyoanzia katikati. Ukisimama barabarani huioni, ukiingia shambani unaikuta."

"Ili nafasi isipotee."

"Basi shaba nayo inazo. Safu iliyoanzia katikati, hiyo ndiyo kasoro yake. Ukiipiga, safu zote hazihami kwa pamoja, ni ile kasoro inayohama, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni. Ndiyo maana shaba inapinda badala ya kuvunjika kama glasi."

Elinami alilitafakari hilo, na akalipenda. "Kwa hiyo kasoro ndiyo inayonilisha."

"Imetulisha sote, baba. Ada zangu zimetoka hapo. Sasa sikiliza. Kila unapopiga, kasoro mpya zinazaliwa, nyingi ajabu. Mwanzo zimetapakaa ovyo. Lakini kila moja inamsukuma jirani yake au inamvuta, na ukiendelea kupiga zinaanza kujipanga zenyewe. Zinafuatana kwenye mistari, mistari inarundikana inakuwa mikanda, mikanda inasimama kama kuta. Hii unayoiona ni alama yake."

"Nani anazipanga?"

"Hakuna."

"Acha maneno. Sisi kamati ya ujenzi tuko tisa, tuna mwenyekiti na katibu, na huu ni mwaka wa tatu hatujakubaliana choo kikae wapi."

Anneth alicheka mpaka akaweka simu chini. Kisha akaeleza yaliyobaki taratibu, kwa sababu alijua yataingia pabaya. Zile kuta ndizo zinazoifanya shaba iwe ngumu, maana kasoro hazipati tena pa kupita. Na shaba ambayo kasoro zake zimekwama haiwezi kupinda. Ukizidi kuilazimisha, inapasuka.

"Na moto?" Elinami aliuliza, akitazama pembeni.

"Moto unazipa nafasi ya kuhama. Zinakutana, zinafutana, na chembe mpya safi zinaota. Shaba inakuwa imepumzika."

"Mzee Nathanaeli alisema moto unaua sauti."

"Na hakukosea, baba. Ukiichoma yote, inabaki laini, inakuwa bubu. Ugumu ule ndio unaoipa mlio. Lakini mahali panapobonyea kila mwaka palihitaji moto kidogo, pale tu, hata mara moja katika miaka hiyo yote."

Elinami aliichukua simu, akaitazama tena ile picha ya mistari myeusi.

"Mzee akiiweka chini, inagonga jiwe mara ngapi?"

"Ibada moja? Labda mara mbili, tatu," alisema Anneth.

"Na mimi nikiinyoosha, napiga mara elfu mbili. Kila mwaka." Alimrudishia simu. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni kasoro, baba, zilijirundika."

"Kasoro hazishiki nyundo," alisema Elinami, akatoka nje.

Siku mbili alikuwa hafai. Alimfokea mshona magodoro kwa sababu ya vumbi ambalo limekuwepo tangu wote wawili wahamie pale. Susana alimpikia loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akaisukuma pembeni. Alijua anachotakiwa kufanya, na alijua kitakachofuata: nani atamletea tarumbeta Nyundo Baridi, baada ya kusikia kwamba nyundo baridi ndiyo iliyopasua? Hilo lilimuuma. Lakini jingine lilimuuma zaidi. Mzee wa miaka sabini na saba, aliyebakiza Mavuno mamoja, yuko nyumbani kwake anaamini kwamba sala zake ziliharibu kitu.

Alhamisi asubuhi Elinami alifunga karakana, akafunga besi kwenye shuka ileile, akaazima mtungi wa gesi na tochi yake ya kuchomelea kwa jirani wa mageti, ambaye kwa heshima hakuuliza kitu, akapanda mlimani.

Alimkuta Mzee Gerson amesimama kwenye kichanja, anageuza kahawa aliyoanika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hiyo umeileta ya nini? Koti nimesharudisha."

Elinami aliweka besi chini. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakapotea. "Mzee, siku ile ulisema ni sala zako. Mimi nikanyamaza. Si sala zako. Ni mimi. Ni mkono wangu, na nyundo yangu, na ubishi wangu. Miaka ishirini na miwili nimepiga palepale bila kupapumzisha hata mara moja. Shaba ilichoka kwa sababu yangu."

Mzee aliendelea kugeuza kahawa. "Unanidanganya ili nije Jumapili."

"Mtu hawezi kusema uongo wa kujivua nguo mwenyewe, mzee."

Mikono ya mzee ikasimama juu ya kahawa. "Basi ujue kitu, fundi. Wiki tatu hizi nasali nimesimama. Naogopa kuinama. Nikajiambia labda hata Mungu alikuwa amechoshwa na kishindo cha goti langu, ila kwa upole wake akaninyamazia." Alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la kahawa, na uso ukabaki na michirizi. Elinami naye hakuweza kuangalia juu. Aliona aibu iliyomzidi hata siku ile shaba ilipopasuka.

Kisha akawasha tochi ya gesi. Miaka hamsini na minane amezaliwa, hajawahi kuelekeza moto kwenye mdomo wa tarumbeta. Aliifunika shaba ya jirani kwa matambara mabichi ili moto usivuke, akapapasha pale tu, kivulini mwa migomba ili aione rangi, na wekundu hafifu ulipoanza kujitokeza akaondoa moto na kumwagia maji. Alipogusa kwa nyundo, shaba ikakubali. Ilikwenda alikoielekeza, bila kelele, kama ilivyokuwa mwaka wao wa kwanza. Aliusogeza ufa ukafumba, akaulehemu, akaziba na pale Anneth alipokata, akatia kiraka chembamba kwa nyuma, akausugua hadi kidole kikapita bila kukwama.

Aligonga kwa ukucha. "Mlio umepungua ukali kidogo," alisema. Angeweza kutolisema.

Mzee Gerson aliipakata besi, akavuta pumzi aliyokuwa nayo, akatoa sauti moja ndefu ya chini. Ng'ombe bandani wakainua vichwa. Jirani akachungulia kwenye uzio wa masale. Mzee alishusha besi, akapumua kwa muda, uso wake umefunguka.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini, mzee?"

"Kwamba si mimi."

"Si wewe, mzee."

"Kwa sauti. Huyu wa uzioni ni mjumbe wa baraza."

"Si Mzee Gerson!" Elinami alipaza sauti, na jirani akashtuka. "Ni mimi fundi niliyepasua!"

Mzee alicheka hadi kikohozi kikamshika, na Elinami akampigapiga mgongoni, wote wawili wanacheka na machozi yanawatoka.

Hakuna aliyemtaka afanye zaidi ya hapo. Lakini Jumapili ya Mavuno, kanisa limejaa, mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi yamepangwa mbele, wageni wamekuja hata kutoka sharika za jirani, wengi wao wateja wake, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye tangazo, Elinami alisimama. Susana alimshika koti, akamwachia.

Alisema jina lake, ingawa wote walilijua. Alisema kwamba besi ya usharika haikupasuliwa na Mzee Gerson, wala na sala. Ilipasuliwa na yeye, kwa kukataa moto kwa miaka thelathini na mmoja, na wenye matarumbeta yao kwake wayalete upya ayaangalie kama yanahitaji kupumzishwa, na asiyetaka kumletea tena ana haki. Hapo angeweza kukaa. Lakini alitaka waelewe, waamini kabisa kwamba mzee hana hatia, akaanza kueleza habari za safu ya mahindi inayoanzia katikati ya shamba, na jinsi kasoro zinavyosukumana na kujipanga mikanda kwa mikanda. Akapotea njiani. Akarudi mwanzo. Watoto wakaanza kucheka, Anneth akainamisha kichwa, sauti ya baba yake ikazidi kupanda na kutetemeka.

"Si yeye," alisema. "Ninachosema ni kwamba si yeye. Si yeye kabisa."

Upande wa bendi Mzee Gerson, ndani ya koti lake alilorudishiwa na baraza, aliinua mkono mmoja kutoka kwenye besi.

"Inatosha, mwanangu," alisema. "Kaa, tupulize."

Miaka yote alikuwa akimwita fundi. Elinami alikaa, akafunika uso kwa mikono, na besi ikaanza.